Miguu ya Cherehani

Kitu cha kwanza kupungua kilikuwa namba za chaki.

Mama alikuwa fundi wa sare za shule, na kila kipande cha kitambaa kilichopita mikononi mwake alikiandika vipimo kwa chaki, namba pana zenye matumbo, ambazo hata aliyesimama upande wa pili wa meza angezisoma. Halafu namba zikaanza kusinyaa. Mwanzo wa mstari zilikuwa sawa, lakini kadiri mkono ulivyosogea zilipungua, mpaka ya mwisho ikawa kama unyayo wa sisimizi. Binti yake aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa kwenye kigoda ubavuni mwa mama, akitia vifungo. Alidhani ni chaki mbaya.

Karakanani binti huyo walimwita Kimya. Aliyembandika jina hilo ni Mkasi, mkata vitambaa, ambaye naye alilipata lake kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Kimya aliacha shule kabla ya kumaliza darasa la mwisho, akaja kukaa kwenye kigoda kile, na tangu hapo maneno yake ya siku nzima yangeweza kufungwa kwenye ncha ya leso. Akiulizwa jambo aliangalia vidole vyake vya miguu kama vile jibu limeandikwa kwenye kucha.

Baada ya namba ulikuja uso. Mama alikuwa mtu wa kucheka kwa macho, mdomo umefumbwa, pini zimebanwa midomoni. Sasa uso ukatulia. Ukimwambia jambo la kuchekesha anakutazama tu, hapepesi. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka ukiwa umelala pajani, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba anahesabu punje ambazo hazipo.

"Leo umezimua saa ngapi?" Mkasi aliuliza asubuhi moja, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye pasi. "Mwenzetu, ungetuachia hata tone."

Watu wakacheka. Mama hakuwahi kunywa pombe maishani mwake, hata ya kuonja. Alisema hivyo, lakini sauti nayo ilikuwa imeanza kuwa ndogo kama zile namba, na mashine zikaimeza.

Fundi ambaye mkono wake unatetemeka hawezi kupitisha kola chini ya sindano. Mama na binti yake hawakukaa kikao kuliamua hilo, lilitokea tu. Siku moja kola ilipokwenda mrama, Kimya alisogeza kigoda, akaweka mikono yake juu ya kitambaa, mama akaondoa ya kwake. Mama akakanyaga, binti akaongoza. Cherehani yao ilikuwa ile ya zamani ya kukanyaga, pekee iliyobaki baada ya wengine kupewa za umeme, na walipokuwa wakishona ungedhani ni mtu mmoja mwenye kichwa cha ziada. Miguu ya mama kwenye ile pedeli ya chuma haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikwenda mbele, nyuma, mbele, nyuma, bila kukosea, na wakati mwingine hata mkono ulisahau kutetemeka.

Ila akinyanyuka, miguu ile ile ilikuwa ya mtu mwingine. Alitembea kwa kuburuza, hatua fupi fupi za haraka, kama anayemkimbilia mtu huku amefungwa kamba magotini. Na mlangoni ndiko kulikokuwa na balaa. Akifika kwenye kizingiti, anaganda. Si kwamba anakataa. Anataka kabisa kupita, unamwona anavyotaka, lakini nyayo zimeshikwa na sakafu.

"Ngoja mlango umkaribishe," Mkasi alisema siku ambayo mama aliganda pale wenzake wamejipanga nyuma yake. Wakacheka tena. Safari hii kicheko kilikatika ghafla, maana aliyekuwa nyuma kabisa ya foleni alikuwa Madamu.

Madamu ndiye mwenye karakana. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye mkoba uliofanana na viatu, na alipokuja hakuja kusalimia. Alipita pembeni ya mama, akaegemea meza ya kukatia, akamtazama Kimya akimshika mama mkono na kumvuta taratibu mpaka ndani. Akamtazama mama akikaa. Akaitazama miguu ikiipata pedeli na kuanza kukanyaga, tata-tata-tata, kama miguu ya msichana.

"Simamisha hapo," Madamu akasema. "Inuka. Nenda mpaka dirishani."

Mama akainuka. Alipiga hatua kidogo, akaganda katikati ya sakafu, jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Haya rudi. Kaa. Kanyaga."

Mama akakaa, akakanyaga. Tata-tata-tata.

Madamu akawageukia watu wote. "Mmejionea wenyewe. Miguu ya kushonea anayo, ya kutembelea hana. Na mikono inayoshona ni ya mtoto. Kwa hiyo mimi hapa namlipa mtu wa miguu." Akamwinamia mama, akavuta pumzi puani. "Hanuki. Lakini walevi wa siku hizi wanatafuna peremende."

Mama alijaribu kusema kwamba anaumwa. Aliomba apelekwe kwa daktari wa karakana, kwa maana kila fundi alikuwa na kadi ya matibabu, na kadi hiyo ilikuwa inatambulika hata kwenye hospitali kubwa. Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu. Mgonjwa angebaki na kadi. Mlevi angenyang'anywa. Na wa kusema nani ni mgonjwa na nani ni mlevi alikuwa Madamu peke yake.

"Acha kadi mezani," Madamu akasema.

Kimya alikuwa na uzi mdomoni, alitaka kuulainisha ncha. Maneno yalimjaa kifuani: hanywi, hajawahi kunywa, namba zake zilianza kusinyaa kitambo. Akayauma pamoja na uzi. Alipoinuka kumfuata mama, mama akamkandamiza begani kwa ule mkono unaotetemeka. "Tia vifungo, mwanangu," alimwambia kwa sauti yake ndogo. "Mmoja wetu abaki na kigoda."

Basi akabaki. Akala chakula cha watu waliomcheka mama yake, akawatilia vifungo.

Nyumbani kwao kulikuwa ni chumba kimoja chenye mlango mmoja, na mlango huo ukawa gereza la mama. Jua lilikuwa nje, hatua moja, naye akalitazama kutoka kitandani. Kwenye zahanati ya mtaa walimpa dawa ya kuchua misuli na vidonge vya kuongeza damu. Tabibu wa pale, kijana mwenye haraka, alisema huenda ni mambo ya mishipa ya fahamu, na kwamba wa kumwona ni daktari bingwa wa hospitali kubwa. Akauliza kama wana kadi. Walipotikisa vichwa, akaita anayefuata.

Miezi ikaenda. Siku moja Madamu akaleta agizo la mashati ya mwanamume, kitambaa cha bei mbaya, lakini yenye ushonaji wa ajabu: mbele yasiwe na matundu ya vifungo. Kuwe na mkanda wa kunata kwa ndani, na vifungo vishonewe juu kama pambo tu. Mkasi akayageuza mashati huku na huku, akasema huyo bwana ni mvivu wa daraja la kwanza, hata kifungo anataka kifungwe na fundi. Kimya alitia vile vifungo vya uongo bila kuwaza.

Kupeleka mizigo nyumbani kwa Madamu ilikuwa kazi ya Mkasi, lakini mashati yalipokuwa tayari Mkasi alikuwa ameshika shavu kwa jino, akatumwa Kimya. Alipitishwa mlango wa jikoni. Nesi mwenye sare alikuwa amesimama mezani akikoroga unga mweupe ndani ya glasi ya maji, akikoroga mpaka maji yakawa mazito kama uji mwepesi. Kimya aliitazama glasi ile akadhani ni anasa tu, kwamba watu wenye nazo hata maji hawayanywi matupu. Nesi akamwambia alete mashati huku, Mzee ayajaribu.

Kwenye kila mlango wa nyumba ile kulikuwa na mstari mweupe umebandikwa sakafuni. Kimya aliiruka mistari hiyo akihofia kuichafua.

Uani, chini ya paa la vioo, palikuwa na mzee mrefu aliyevaa vizuri. Alikuwa juu ya baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, na miguu yake ilikuwa inazunguka bila kukosea. Mkono wake mmoja, aliouachia pembeni, ulikuwa unatetemeka, kidole gumba kikisugua cha shahada. Uso wake ulikuwa umetulia, macho hayapepesi. Na mbele yake alichuchumaa Madamu, viatu amevua, akimpigia makofi.

"Haya, baba. Haya, baba yangu. Unaona miguu ilivyo na nguvu? Zungusha, zungusha."

Kimya alisimama na mashati mikononi. Alijisikia kama mtu aliyeingia chumbani kwao akakuta wageni wamelala kitandani mwake. Nesi alimshusha mzee, akamwongoza, na mlangoni mzee akaganda, kuganda kule kule. "Mstari, Mzee," nesi akasema. "Vuka mstari." Mzee akauangalia mstari mweupe, akanyanyua mguu, akauvuka, akapita.

Jikoni, akisubiri kurudishiwa mfuko, Kimya aliuliza. Pengine ni kwa sababu nesi alikuwa amempa mgongo. Aliuliza Mzee anaumwa nini.

"Pakinsoni," nesi akasema. "Ni ubongo unaochakaa. Hauponi, lakini ukipata dawa kwa saa zake na ukiangaliwa vizuri unaishi nao miaka mingi. La muhimu hasa ni kwenye kumeza, maana hata maji—"

Madamu akaingia. Nesi akafunga mdomo, akachukua glasi, akatoka.

Kimya alijua kwamba asiposema hapo hatasema tena. Akapiga moyo konde, akaiambia sakafu: "Madamu, mama yangu yuko hivyo hivyo. Vile vile kama Mzee. Naomba umrudishie kadi."

Kwa kitambo kidogo uso wa Madamu ulikuwa wa mtu aliyeshikwa mkono ndani ya mfuko wa mwenzake. Kisha akaukunjua ukawa wa kawaida.

"Mama yako yupi? Yule?" akasema. "Sikiliza, mtoto. Baba yangu ameongoza ofisi nzima ya watu. Anaumwa. Mama yako anakunywa. Usiwapime kwenye mizani moja." Akafungua mlango wa nje mwenyewe. "Na ulichokiona humu kinabaki humu. Watu tumewaambia ni mgongo. Nikisikia jambo jingine karakanani nitajua limetoka mdomo gani, na kigoda chako utakifuata barabarani."

"Ndiyo, Madamu," Kimya akasema.

Njiani alilia kwa hasira, zile hasira za mtu mpole ambazo hazina pa kwenda. Ila hakurudi mikono mitupu. Jioni ile alichukua futi yake ya kupimia, ile ya njano ya ushonaji, akaitandaza sakafuni mbele ya mlango wa chumba chao.

"Vuka hiyo, mama."

"Umeanza kupima sakafu? Nani anaishonea suruali?"

"Vuka tu."

Mama akaitazama futi. Akanyanyua mguu. Akavuka, akavuka na kizingiti, akajikuta nje, chini ya kamba ya nguo za majirani. Hakuweza kutabasamu, uso haukumruhusu, lakini aliangua kicheko cha kooni, na mpangaji wa chumba cha pili akatoka kuuliza kuna nini. "Nimetoka," mama akamwambia. "Nimejitoa mwenyewe."

Tangu siku hiyo futi ililala sakafuni, na mama akaota jua. Kwenye duka la dawa Kimya aliulizia dawa ya Pakinsoni. Ilikuwapo, tena nyuma tu ya muuzaji, angeweza kuigusa. Bei yake haikuwa ya watu wa vifungo. Alinunua vidonge vichache, na siku vile vidonge vilipokuwapo mama alijifunga kanga mwenyewe, akamsuka Kimya nywele, mafundo yamekaa upande lakini yamekaa. Vikaisha. Akanunua tena vichache zaidi. Vikaisha tena.

Mama alikuwa akipaliwa na maji, akipaliwa na chai, akikohoa mpaka macho yanamtoka. Kimya alimpiga mgongoni, akampa maji mengine ya kushushia. Ndivyo watu wote wanavyofanya. Kikohozi kikashuka kifuani, kikawa homa, na homa ikawapeleka kwenye wodi ya hospitali ya umma, kitanda kimoja wagonjwa wawili, mama na bibi mmoja ambaye hakuacha kuita watoto wake.

"Mlikuwa mnampa maji matupu?" muuguzi wa wodi aliuliza, akiwa anasikiliza kifua. "Mgonjwa wa hivi maji yake yanafanywa mazito, hata kwa unga wa uji. Hakuna aliyewaambia? Yamemwingia mapafuni."

Kimya akaiona ile glasi. Akaiona jinsi nesi alivyokuwa akiikoroga, taratibu, na yeye amesimama pale akiwaza anasa. Unga wa uji walikuwa nao nyumbani, kwenye kopo, juu ya kabati.

Mama alikata roho mchana, watu wakiwa wanagawiwa chakula. Kwenye karatasi wakaandika kifua. Pakinsoni haikutajwa mahali popote, kwa kuwa hakuna daktari bingwa aliyewahi kumwona, na ugonjwa ambao hakuna aliyeuona haumuui mtu. Karakanani Mkasi alitoa pole, kisha alipodhani Kimya hasikii akamwambia mtu wa pasi kwamba pombe haijawahi kumwacha mtu. Kimya alisikia. Aliendelea kutia vifungo. Baada ya hapo kila kifungo alichotia alikivuta uzi kwa nguvu mpaka kitambaa kikajikunja.

Mzee aliondoka muda mrefu baadaye, nyumbani kwake, kitandani kwake, nesi wake pembeni. Safari hii haikuwa mgongo tena. Tangazo lilitaja ugonjwa kwa jina, na lilisema ameupiga vita kishujaa. Karakana ikafungwa, mafundi wote wakatakiwa msibani na nguo nadhifu.

Walikalishwa uani, chini ya lile paa la vioo, kwenye viti vya nyuma. Baiskeli ilikuwa imesukumwa pembeni na kufunikwa shuka, lakini pedeli moja ilichungulia chini ya pindo. Mistari myeupe bado ilikuwa milangoni, na waombolezaji walikuwa wakiikanyaga bila kuiona.

Madamu alisimama kuongea. Aliongea vizuri, machozi yake yalikuwa ya kweli, na Kimya hakumnyima hayo. Alisema ugonjwa huu haubagui. Hautazami cheo wala mfuko, unaingia nyumba kubwa na chumba cha kupanga. Kisha akanyoosha mkono kuelekea viti vya nyuma.

"Hata kwenye familia yangu ya kazi umepita. Mama wa binti huyu alikuwa fundi wangu. Kumbe alikuwa na Pakinsoni, sisi hatukujua. Hatembei, lakini akikaa kwenye cherehani anakanyaga kama mzima. Sasa nani angejua, jamani? Laiti ningejua, ningempeleka kwa daktari wa baba yangu mwenyewe." Akafungua mikono. "Njoo, mwanangu."

Vichwa vyote vikageuka. Wageni wenye miwani myeusi walikuwa wakimtazama kwa huruma, ile huruma ya watu wanaosubiri kuguswa. Mkasi akamsukuma kiunoni. "Nenda ukumbatiwe," akanong'ona. "Watu wanaangalia. Nenda, kigoda chako hicho."

Kimya akainuka. Akapita katikati ya viti mpaka mbele, mikono ya Madamu ikiwa bado imefunguliwa, na akasimama pale ambapo mikono hiyo haimfikii. Kwa mara ya kwanza hakuangalia vidole vya miguu. Aliangalia ile pedeli chini ya shuka. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mama siku za mwisho, lakini hapakuwa na mashine za kuimeza.

"Madamu, mimi niliiona baiskeli ya Mzee," akasema. "Siku ile ya mashati. Hakuweza kupita mlangoni, lakini baiskeli alikuwa anaikanyaga vizuri kabisa. Nawe ulikuwa umechuchumaa pale, unampigia makofi."